Kila Kitu Ndani

Kibanja hakileti bili. Mtu aliyekulia Kihanga, wilayani Karagwe, amelala chini ya bati ambalo baba yake alilinunua mara moja, amekula ndizi zilizokatwa nyuma ya jiko na kupikwa kwa kuni za shambani, na maji ameyafuata mwenyewe akarudi na dumu kichwani. Gharama zilikuwepo, tena nzito, ila zililipwa kwa jembe na kwa mgongo. Hazikufika mwisho wa mwezi zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi. Ndiyo maana kijana wa Karagwe au Kyerwa anayetafuta pa kulala Dar es Salaam huuliza swali moja: kodi shilingi ngapi? Anajibiwa vizuri tu, na anaondoka bila kujua chumba hicho kitamgharimu kiasi gani.

Kwa kilomita, Kampala iko karibu na Kihanga kuliko hata Dodoma, na wengi wameelekea huko au Mwanza. Zamani, kabla barabara ya kati haijakamilika kwa lami, hata msafiri wa Dar es Salaam alipita Kampala na Nairobi ndipo akaingia tena nchini kwa mpaka wa Namanga: alitoka Tanzania ili afike Tanzania. Leo basi linapita Biharamulo, Kahama, Singida na Dodoma, na kumshusha abiria Mbezi Luis, kwenye kituo cha Magufuli kilichozinduliwa Februari 2021. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Kagera nzima, pamoja na visiwa vyake vya ziwani, ilikuwa na 2,989,299. Ndani ya msongamano huo, mgeni asiye na nyumba ana njia mbili: apange chumba chake na kulipia kila huduma kivyake, au atafute mahali pa kushea ambapo maji, umeme, taka na ulinzi vimo ndani ya kodi. Hiyo ya pili dalali ataisifia kwa maneno matatu: kila kitu ndani. Nataka tuyafungue maneno hayo, kwa kuwa nimeona watu wakiyalipia bila kuuliza ni kitu gani hasa kimo, na ndani ya nini.

Kushea hakukuletwa na hosteli. Nyumba ya Kiswahili, ile iliyojaa Magomeni, Ilala, Temeke na Mwananyamala, ilijengwa kwa ajili hiyo: korido katikati, vyumba huku na huku, mara nyingi vitatu kila upande, na nyuma ua wenye choo, bafu na mahali pa kupikia. Kila chumba kina kaya yake, na mwenye nyumba naye huenda anaishi humohumo. Aliyepanga chumba kimoja amepanga pia sehemu ya sita ya choo, ya bomba na ya mita ya umeme. Choo kina zamu za usafi, bomba lina foleni, na mambo hayo mgeni anayazoea ndani ya wiki. Mita ndiyo yenye hesabu ambayo wapangaji wengi hawajawahi kuonyeshwa.

TANESCO huuza umeme kwa madaraja. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, ambazo zilidumu miaka mingi, mteja mdogo wa daraja la D1, yule asiyezidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, alilipa Sh100 kwa uniti. Mteja wa daraja la T1 alilipa Sh292. Juu yake kulikuwa na VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, hivyo uniti ilimfikia mnunuzi kwa Sh122 huku na takribani Sh356 kule. Daraja dogo liliwekwa kumlinda mtu wa kipato kidogo. Lakini mita haijui kuna watu wangapi nyuma yake. Tuseme, kwa bei hizo, nyumba ina vyumba sita na mita moja, na kila chumba kinatumia uniti 20 kwa mwezi: taa, feni, redio, kuchaji simu. Kila chumba kingekuwa na mita yake kingelipa Sh2,440. Kwa pamoja wanatumia 120, wameivuka 75, nyumba imehesabiwa T1, na kila chumba sasa kinadaiwa zaidi ya Sh7,100 kwa taa zilezile. Maskini sita waliokaa pamoja, mbele ya mita, ni tajiri mmoja.

Halafu njoo kwenye mchango wenyewe. LUKU hulipiwa kabla ya kutumia, kwa hiyo kila umeme unapokata mtu anagonga milango kukusanya. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima imekula uniti moja; feni ya wati 50 inahitaji kuzunguka saa 20, yaani karibu usiku mzima mara mbili, ndipo ifike hapo. Mwenye friji anasema friji inawaka na kuzima. Mwenye saluni ya kunyoa chumbani anasema wateja wake ni wachache. Tangu 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa humohumo kwenye LUKU, Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia Julai 2023 Sh1,500. Ni kodi ya mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na mpangaji anayeidai irudishwe anatazamwa kama mchokozi. Kwa fedha ni kidogo. Kwa amani ya korido ni kubwa.

Hapa ndipo malipo ya pamoja yanapopata maana yake. Mwenye nyumba akisema umeme na maji vimo ndani ya kodi, amechukua mabegani mwake hatari ya mwezi mbaya: joto la Januari na feni zake, mgeni wa jirani aliyekaa wiki tatu, bei ikipanda. Hatari hiyo haibebi bure. Ameiweka kwenye kodi, pamoja na kidogo cha usumbufu wake. Kwa hiyo unapoona chumba cha Sh60,000 kisicho na huduma na kingine cha Sh80,000 chenye huduma, zile Sh20,000 si bei ya umeme na maji unayotumia wewe. Ni bei ya kutopigiwa hodi saa nne usiku. Wapo wanaostahili kuilipa na wapo wasiostahili, na tofauti yao iko kwenye namna fedha zao zinavyoingia.

Mwanafunzi anayeishi kwa bumu ni mfano wa anayestahili. Fedha ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo, iliyopandishwa mwaka 2022 kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku, inakuja kwa mkupuo na kuisha kimyakimya. Kilicholipwa kwa mkupuo siku ya kwanza ndicho kilicho salama. Mshahara mdogo usiobadilika nao unafanana na huo. Lakini kijana wa bodaboda anayetoka alfajiri na kurudi usiku, anayechaji simu kijiweni na kuoga ndoo moja, akiingia kwenye nyumba ya kila kitu ndani anamlipia mwenzake friji na pasi. Huyo ni heri apange chumba kitupu chenye mita ndogo yake ndani ya ile kubwa, hata kama kuta hazina rangi.

Mwenye nyumba naye si mjinga. Akishabeba umeme wako, ataanza kuulinda. Ndipo zinakuja sheria za ukutani: hakuna hita, hakuna jiko la umeme, mgeni halali, geti linafungwa saa nne. Mpangaji huzisoma kama nidhamu. Mimi huzisoma kama sehemu ya bei. Geti la saa nne halimgusi karani, ila mhudumu wa hoteli anayetoka kazini saa sita ya usiku amekodi kitanda ambacho nusu ya wiki hawezi kukifikia. Kati ya sheria zote hizo, iliyo ghali kuliko nyingine ni ile fupi: marufuku kupika. Piga hesabu mwenyewe. Sahani mbili za mama ntilie kwa siku, tuseme Sh2,500 kila moja, ni Sh150,000 kwa siku 30. Chakula kimeishinda kodi. Nyumba iliyoonekana kuzidi kwa Sh20,000 tu imekuwa ghali mno kwa sababu huwezi kuchemsha maharage.

Na maharage si mfano wa kubuni. Mtu wa Kihanga hatoki nyumbani mikono mitupu, wala nyumbani hakumwachi hivyo. Vifurushi vinasafiri na mabasi mpaka Mbezi Luis: maharage, unga, kahawa ya kutafuna, senene Novemba wakiruka, mkungu wa ndizi uliofungwa majani yake. Asiyetumiwa atakwenda Mabibo, kwenye soko la ndizi ambalo wakazi wa Dar hulijua kama Mahakama ya Ndizi, na kununua kwa pesa kitu ambacho kwao hakina bei. Familia inayotuma chakula kila mwezi imekwisha kulipa sehemu ya malazi ya mtoto wao, hata kama haijui. Ikimlipia tena hosteli yenye milo, au yenye marufuku ya kupika, inalipa mara mbili, na yale maharage yataliwa na funza chini ya kitanda.

Maji nayo yana uongo wake. Ukiuliza kama maji yapo utaambiwa yapo. Uliza yanatoka siku gani, saa ngapi, na yasipotoka kuna tangi la lita ngapi kwa watu wangapi. Kuna maji ya DAWASA na kuna ya kisima, na visima vingi vya Dar hutoa maji ya chumvi ambayo yanafaa kufulia na kuoga kwa shida, wala hayanyweki. Nyumba ikitangaza maji ndani kwa maana ya kisima, hujasamehewa kununua dumu la kunywa na kupikia. Mwishoni mwa 2022, mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgawo, waliokuwa na tangi kubwa walijulikana, na waliokuwa wameahidiwa maji ndani ya kodi walibeba ndoo kama wengine. Hakuna aliyerudishiwa shilingi. Ahadi ya huduma bila kusema ikikosekana itakuwaje ni nusu ya ahadi.

Jambo jingine linalowabana wageni wetu ni miezi sita. Nairobi mpangaji hulipa mwezi kwa mwezi, akitanguliza dhamana. Tanzania tumezoea kodi ya miezi sita, hata mwaka mzima, kabla ya kukabidhiwa ufunguo, na dalali anataka mwezi wake mmoja. Chumba cha Sh60,000 kinadai Sh420,000 mlangoni, na bado hujanunua godoro, ndoo wala pazia. Serikali iliwahi kuingilia kati. Mwaka 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ofisi iliyounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990, na kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984, ambayo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei na masharti ni maelewano kati ya mwenye chumba na mwenye shida, na kila mtu anajua katika maelewano hayo nani ana haraka. Magomeni Kota, maghorofa yaliyozinduliwa Machi 2022 kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi hapo zamani, yalikuwa haki ya wenyeji wake. Kijana aliyeshuka na begi Mbezi hakuwa kwenye hesabu.

Kwa familia ya wakulima, miezi sita si mbaya kama inavyosikika. Kahawa huvunwa katikati ya mwaka, malipo yanapitia vyama vya msingi vilivyo chini ya KDCU, chama kikuu cha ushirika cha Karagwe, na kwa wiki chache nyumba ina fedha ambayo haitaiona tena mpaka msimu ujao. Kulipa chumba cha nusu mwaka wakati huo ni kuiokoa fedha hiyo na harusi, misiba na mabati ya jirani. Isitoshe vyuo vikuu hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba, na ukitafuta Agosti au Septemba karibu na Mlimani, Sinza au Makongo, unatafuta kabla ya umati. Anayetegemea kibarua cha kila siku hana msimu wa kahawa. Kwake kitanda cha kushea kinacholipwa mwezi kwa mwezi, hata kikiwa ghali zaidi kwa hesabu ya mwaka, ndicho pekee anachoweza kukinunua, na sioni sababu ya kumcheka.

Hosteli halisi, zile zinazostahili maneno yetu matatu, ni chache kuliko matangazo yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina zake, zikiwemo za Mabibo na zile za majengo 20 yaliyofunguliwa mwaka 2017 kwa wanafunzi 3,840. Mjini kati, jirani na Posta, YWCA imekuwa ikipokea wageni kwa miaka mingi, na mashirika ya dini yana nyumba zake kwa wasichana. Zilizobaki ni nyumba za watu binafsi: nyumba ya familia iliyowekwa vitanda vya juu na chini, vinne kwa chumba, na bango getini. Sizidharau. Baadhi zina usafi kuliko za taasisi. Ila nenda saa moja ya usiku, wenyeji wakiwa wamerudi, uone foleni ya bafu, usikie kelele, na umuulize aliye kwenye kitanda utakachokikodi kwa nini anaondoka. Asubuhi kila hosteli ni tulivu.

Iko nyumba ya kila kitu ndani iliyo kongwe kuliko zote hizi, nayo ni kwa shangazi. Au kwa baba mdogo, au kwa mtu wa kwenu tu ambaye bibi yake na bibi yako walichangia mpaka wa kibanja. Huko hakuna dalali, hakuna LUKU, hakuna miezi sita. Wazazi Kihanga wanalala usingizi. Lakini kodi inakatwa kwa njia nyingine: kumpeleka mtoto shule, kufagia uwanja kabla ya kwenda kwenye usaili, kukaa sebuleni na wageni mpaka wachoke ndipo ukunjue godoro lako. Kijana anayejua kuhesabu ataona kwamba saa tatu za kazi kwa siku ni bei kubwa. Kijana mwenye busara atazilipa kwa miezi miwili au mitatu, maana anachonunua huko ni kuujua mji, kisha aage vizuri kabla ya kuombwa kuaga. Tatizo la kwa shangazi halijawahi kuwa kazi. Ni kwamba tarehe ya mwisho haikusemwa na yeyote siku ya kwanza, na sasa hakuna anayeweza kuitaja bila kuonekana ana roho mbaya.

Ajabu ni kwamba sheria yenyewe imewahi kukitia bei kitanda cha namna hii. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 ilimwekea mfanyakazi wa ndani wa kaya ya kawaida kima cha chini cha Sh80,000 kwa mwezi kama haishi kwa mwajiri, na Sh40,000 kama anaishi humo. Amri ya 2022 ikapandisha hadi Sh120,000 na Sh60,000. Kwa maneno mengine, kulala na kula kwa bosi kulihesabiwa kuwa nusu ya mshahara. Wasichana wengi wanaotoka vijijini kwetu huingia mjini kwa mlango huo, na wengi hawajaambiwa kwamba godoro la stoo wanalipia. Mzazi anayemkabidhi binti kwa mtu wa Dar aulize chumba kama ambavyo angekiuliza kwa dalali: kina mlango? Mlango una kitasa? Ufunguo unakaa na nani?

Nimalizie na karatasi, kwa kuwa watu wetu hupenda kupeana mikono. Mkiwa wawili kwenye chumba kimoja, majina yenu yote mawili yawe kwenye mkataba. La sivyo rumeti wako ndiye mpangaji na wewe ni mgeni wake, na siku mkigombana utalala nje na stakabadhi za M-Pesa mkononi. Jitambulishe serikali ya mtaa wiki ya kwanza. Na pale palipoandikwa kwamba kodi ni pamoja na huduma, futa neno huduma, andika kimoja kimoja: umeme, na vifaa gani vinaruhusiwa, maji, ya bomba au ya kisima, taka, mlinzi, kodi ya majengo, kwamba haikuhusu. Andika kodi iliyobaki inarudije ukihama kabla ya muda. Na andika pia nani ananunua LUKU ikikata saa tano ya usiku, mwenye nyumba amesafiri na simu yake haipatikani, kisha fedha hiyo inarejeshwa lini.